Makofi Katika Kilio cha Bibi

Almaty,
Jumapili, 16 Juni

Mpendwa dada yangu Raushan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na hata yule paka wenu, maana kwetu mtu hasalimiwi bila kuuliziwa mifugo yake, na huko Kanada mifugo yako yote ni huyo mmoja. Magoti yanaendeleaje? Baridi imewaachia? Binti yako bado anapiga fidla au ameshaisukumia kabatini?

Sisi hapa ni wazima. Mama yako anakula vizuri, analala vizuri, na anagombana na jirani juu ya maji ya bustani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Miaprikoti ile midogo nyuma ya nyumba imezaa mwaka huu mpaka matawi yamewekewa miti ya kuyaegemeza. Ametengeneza jamu nyingi na kila anapofunga mtungi anasema, "Hii ya Raushan." Sijui itafikaje, lakini ni yako.

Sasa nije kwenye lile swali lako. Uliona ile video ya tamasha letu la Dresden ukaniandikia maneno machache tu: "Maryash, huu ndio wimbo wa baba?" Sikukujibu. Usidhani nilikupuuza. Nilikuwa naona kinyaa, dada yangu, na kinyaa cha namna ile hakiandikiki kwa kidole kwenye simu. Nimesubiri nirudi, nikae mezani kwa mama yako, nikuandikie kwa mkono.

Unajua safari ile ilikuwa ya mzee wetu Myrzabek-aga. Amesimama mbele ya okestra yetu na kifimbo chake tangu mimi nina nywele nyeusi, na ni yeye aliyemwahidi baba yako pale kitandani hospitali, kabla hajafariki, kwamba wimbo wake "Kilio" utapigwa Vienna. Mama yako alimshonea shapan, joho la heshima, kwa ajili hiyo, ya mahameli ya buluu, yenye nyuzi za dhahabu shingoni na kwenye mikono. Alishona kipindi chote cha baridi, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Ilikuwa mzee avishwe tamasha la mwisho likiisha.

Wiki ya kuondoka, Myrzabek-aga akaanguka bafuni. Moyo. Daktari akasema hata ngazi asipande, sembuse ndege. Meneja wetu Karatay, yule unayemjua, anayetabasamu hata msibani, akapiga simu huku na huko, na siku mbili tatu baadaye akatuletea wa kushika nafasi yake, bwana mmoja anaitwa Sanjar.

Sanjar ni mtoto wa hapa hapa Almaty, lakini alipelekwa Ulaya akiwa mdogo, na amerudi anatutazama kama vitu vya dukani. Mrefu, amenyooka, ana meno meupe, na ananukia marashi mpaka wapiga tarumbeta wanapiga chafya. Kila mtu anamwita "rafiki yangu", hata mzee Kenzhebek wa besi ambaye ana wajukuu wa umri wake.

Na hapo tukafanya ujinga ambao duniani kote ni sisi tu tungeufanya. Kabla hatujamsikia hata kwa nota moja, tukamfanyia karamu. Kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni mkuu, kikawekwa mbele yake. Kisha mama yako, kwa kuwa yeye ndiye mjane wa mtunzi, akaombwa amvishe ile shapan. Akamvisha kwa mikono yake. Akambusu paji la uso, akainua viganja akamwombea dua ndefu, nasi sote tukapangusa nyuso na kusema amina. Unaelewa tulichofanya? Mtu ameshapewa kichwa, ameshavishwa na mjane, ameshaombewa dua, nani tena atafungua mdomo amwambie anakosea? Tulijifunga kamba wenyewe na fundo tukalikaza.

Yeye kile kichwa alikisogeza kwa kidole, akasema hali nyama. Sawa, wapo watu wasiokula nyama. Lakini hakukata hata sikio akawapa watoto kama ilivyo desturi. Alitoa simu, akaweka shavu lake karibu na shavu la kondoo, akajipiga picha huku ametoa ulimi. Mama yako akaninong'oneza, "Anafanya nini?" Nikamwambia huko Ulaya ndiyo heshima. Akatikisa kichwa, akakubali, maskini.

Kesho yake mazoezi. Unajua "Kilio" kinavyoanza, selo peke yake, na selo hiyo ni yangu. Baba yako alinifundisha mwenyewe sebuleni kwenu, mimi mtoto wa jirani niliyekulia kwenu, akiniimbia sauti ya mama yake, Bibi Kanipa. Sote tulikua tukimsikia Bibi akiimba vile kila alipokaa kuchambua sufu, amegeukia ukuta, na hakuna aliyethubutu kumwita hata chakula kikipoa. Alikuwa anamlilia mdogo wake wa mwaka wa njaa, yule aliyembeba mgongoni nyikani, akimbembeleza njia nzima kwa wimbo ule ule, mpaka alipomshusha kumnywesha maji ndipo akajua amebeba maiti. Baba yako hakuongeza kitu pale. Alichukua pumzi za Bibi jinsi zilivyo, na mahali Bibi alipokuwa akinyamaza, yeye aliacha kimya.

Nilipiga sekunde chache tu, kifimbo kikagonga meza.

"Simama, simama. Dada, mbona umelala?"

"Sijalala. Ni maombolezo."

"Najua, jina si limeandikwa hapa! Lakini fikiria, rafiki yangu. Mjerumani ametoka kazini, amechoka, amelipa kiingilio. Anataka nyika! Anataka farasi! Wewe unamletea jongoo."

"Tungewapeleka farasi wenyewe basi," mzee Kenzhebek akasema kutoka nyuma, "sisi tukabaki nyumbani tukapumzika."

Watu wakacheka. Sanjar naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, hakujua kama ni yeye anayechekwa. Kisha akakoroga mkono wake hewani, akatuonyesha mwendo anaoutaka. Ulikuwa mwendo wa mbio za harusini. Vile vituo vya kimya vya Bibi akavifuta vyote kwa penseli, akasema vinaboa. Bolat mpiga ngoma akapewa vikombe viwili vya mbao agonge kama kwato, na mjeledi wa kutoa mlio. Sote tukaagiziwa kofia za manyoya.

Nilimfuata Karatay kwenye korido.

"Meneja, huu ni wimbo wa msiba."

"Maryash, jamani. Mtu ameshavishwa shapan. Unataka mama wa watu aonekane amemvisha mjinga?"

"Si ni mjinga?"

"Ni mgeni wetu."

"Mgeni gani aliyezaliwa mtaa wa pili?"

"Maryash, kafanye mazoezi," akasema, na lile tabasamu lake.

Nikaenda nikafanya mazoezi. Utaniuliza kwa nini sikugoma. Dada, kazi yetu ni kufuata mkono wa aliye mbele. Unaweza kumchukia, unaweza kumwombea mabaya, lakini mkono wake ukishuka unapiga. Siku kila mmoja akifuata mkono wake mwenyewe, hakuna okestra, kuna soko. Mpigaji anayeongoza kundi lake akikataa mkono mbele ya watu, anafukuzwa, na hakuna atakayemtetea. Nilivaa kofia ya manyoya, jasho likanitiririka mpaka machoni.

Ile uliyoiona ya Dresden ndiyo ilivyokuwa, lakini video haikuonyesha yote. Hukumwona alivyowageukia watu katikati ya wimbo, akatupa mgongo, akaanza kuwapigisha makofi. Ukumbi mzima, pwa, pwa, pwa. Mstari wa mbele alikuwepo babu mmoja mwenye uso mwema, anajipiga goti na kutabasamu kama yuko kwenye sherehe ya mjukuu. Sikumchukia yule babu. Yeye aliambiwa ni mbio za farasi. Nilichokuwa nakiona mimi ni Bibi Kanipa na yule mtoto mgongoni, na watu wanapiga makofi. Nilirudi chumbani nikanawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena, kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

Na bwana mkubwa anatoka jukwaani anatuambia, "Mmeona? Yule mzee aliyetunga, nani vile, angefurahi!"

Nani vile. Hata jina la baba yako hakulijua, na limechapwa juu ya nota alizokuwa anazifunua kila siku.

Ujumbe wako nilisoma tukiwa ndani ya basi, njiani kwenda Vienna. Muda huo huo mama yako naye akapiga, sauti imejaa furaha. Redio ya nyumbani itarusha tamasha la Vienna moja kwa moja, naye atakwenda kukaa na Myrzabek-aga hospitali wasikilize pamoja. "Nitamsikia baba Raushan," akaniambia. Alikuwa hajaona ile video, namshukuru Mungu, simu yake ile ya zamani haionyeshi kitu. Nikamjibu, "Ndiyo mama, utamsikia." Nikafunga simu, nikaona nimeshatoa ahadi.

Nilihamia kiti cha pembeni ya mzee Kenzhebek.

"Aga, kwetu mwanamke akikaa kuomboleza, nani anaruhusiwa kumkatiza?"

Alinigeukia. "Hakuna. Hata mumewe. Anasubiriwa amalize."

"Hata kama ni mgeni mwenye shapan?"

"Hata angekuwa na shapan tatu," akasema. Kisha akavuta kofia yake usoni kama anayelala. "Nitawaambia wenzangu wa nyuma wasikukodolee macho, usije ukatetemeka."

Sikumwambia mtu mwingine. Na sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Siku nzima chakula cha pale sikukigusa, nilikunywa chai tu.

Basi tukakaa jukwaani Vienna. Sanjar akaingia amejitupia shapan ya mama yako mabegani kama taulo la mtu anayetoka kuoga, na kofia juu. Akainua kifimbo. Mimi nikageuza kiti changu kidogo tu, nikaupa mlango wa jukwaa mgongo, kama wanavyokaa wanawake wetu wakiomboleza. Nikavua ile kofia nikaiweka chini. Kifimbo kikashuka kwa mbio zake, nami nikafumba macho, nikaanza pale Bibi alipokuwa akianzia, kwa pumzi ya Bibi.

Nilisikia kifimbo kikikata hewa karibu na sikio langu. Nilimsikia akinong'ona kwa meno, "Haraka! Haraka, wewe!" Nilipofika kwenye kile kituo alichokifuta kwa penseli, nikasimama. Kimya chote, kama baba yako alivyokiacha. Hapo ndipo niliogopa kweli, kwa sababu baada ya kituo kile fidla zinaingia. Zikiingia na mkono wake, nimekwisha, na wimbo umekwisha, na mama yako ametega sikio redioni.

Ziliingia na mimi. Polepole, zote, kama watu wanaoingia nyumba ya msiba mmoja mmoja na kukaa. Besi zikafuata. Kisha nikasikia mlio mdogo nyuma kabisa, mbao ikigusa sakafu. Alikuwa Bolat anaweka chini vile vikombe vyake. Raushan, nimepiga muziki maisha yangu yote na sijasikia mlio mtamu kama ule.

Sanjar si kiziwi, nimpe haki yake. Alikoroga hewa kidogo, akaona hakuna anayemfuata, akaanza yeye kutufuata sisi. Alikuwa amejaa hasira mpaka mabega yanamtikisika. Sisi tulimwona uso. Watu walimwona mgongo tu.

Tulipomaliza, hakuna aliyepiga kofi. Muda mrefu hakuna. Kuna mama mmoja juu kule alipenga kamasi, ukumbi wote ukasikia. Kisha wakasimama wote, na wengi walikuwa wanalia. Nami nikalia, nakwambia waziwazi, nililia kama mtoto mbele ya watu waliovaa vizuri. Wimbo wa baba yako ulisikika kama alivyouandika. Hilo lishike, usiliachie, kwa sababu yanayofuata yatakukera.

Sanjar akageuka, akaweka mkono moyoni, akainama. Akapokea maua. Akapita kwangu akasema chini chini, "Kesho kwa Karatay, na uje na mizigo yako."

Kesho yake asubuhi magazeti yakatoka. Karatay akasomewa, tabasamu likampanuka mpaka masikioni. Waandishi wamemsifu kijana Sanjar kwa ushujaa wake wa kwenda polepole pale ambapo wengine wangekimbilia makofi. Mmoja ameandika kwamba alimwona mabega yakitikisika kwa kilio, na kwamba tangu zamani hajaona mwongozaji anayeomboleza hivyo. Wakati wa kifungua kinywa Sanjar akaja mpaka mezani kwangu, akanibusu mashavu yote mawili mbele ya wenzangu.

"Umeona, dada, nilivyokuwa nawapeleka taratibu safari nzima mpaka mfike pale?"

Nilijifuta shavu kwa kitambaa cha meza kilichokuwa na yai. Bora yai.

Kuna jambo jingine, na hili mama yako halijui lote. Baada ya tamasha, wakati wote wamekwenda kula, nilipita chumba cha kubadilishia nguo kumtafuta anifokee kabisa, yaishe. Alikuwa ameshaondoka. Ile shapan ilikuwa sakafuni chini ya kioo, imekunjamana pamoja na taulo la jasho. Pindo lake lilikuwa jeusi kwa rangi ya viatu. Alifutia viatu, Raushan. Kipindi kizima cha baridi mama yako ametoboka vidole, na yule amefutia viatu. Nikaiokota, nikaikunja, nikaiweka ndani ya sanduku la selo yangu. Unajua kwetu zawadi haidaiwi. Lakini ile haikuwa tena zawadi, ilikuwa takataka, na takataka inaokotwa na yeyote.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mama yako. Alinishika uso kwa mikono miwili, hakuuliza safari wala chakula. Alisema tu, "Maryash, nilimsikia mama mkwe wangu." Anasema Myrzabek-aga alisikiliza amefumba macho, na mwishoni akasema, "Huyo kijana hakuongoza. Kulikuwa na msiba, na watu walikaa msibani."

Na wiki iliyopita tumetangaziwa. Kwa sababu ya yale magazeti ya Vienna, Sanjar ndiye mwongozaji wetu wa kudumu kuanzia vuli. Karatay aliita mkutano, akapiga makofi peke yake. Mimi sikufukuzwa, maana utamfukuzaje mtu aliyekufanya mkubwa? Tulimkataa siku moja tu, tukapiga vizuri, na kwa kupiga vizuri tukampa kiti cha Myrzabek-aga. Na bado usiniulize kama ningerudia. Ningerudia kesho.

Shapan nilimpa mama yako. Aliipindua, akaliona pindo, akalinusa, akanitazama. Alichemsha maji, akavaa zile miwani zake mbili, akakaa kulisugua. Rangi haikutoka yote, kwa hiyo akakata kile kipande na kushona kingine. Jana tulikwenda hospitali pamoja, akamvisha Myrzabek-aga kitandani pale pale, juu ya pajama, akambusu paji la uso. Mzee akaipapasa mikono ya shapan, akasema, "Si mlishampa yule?"

Mama yako akamjibu, "Tulimkosea kipimo, aga. Ilikuwa kubwa kwake."

Sanjar hajaiuliza mpaka leo, na hataiuliza. Hajui kama alikuwa nayo.

Nisalimie sana shemeji na watoto, na umwambie binti yako aitoe ile fidla kabatini, nikija nitamfundisha kituo cha Bibi. Mama yako anakubusu macho. Mzee Kenzhebek anakusalimu, na Bolat pia, anasema vile vikombe vya mbao sasa anavinywea chai nyumbani. Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe njia nyeupe ya kurudi nyumbani wakati aprikoti zimeiva.

Mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye bado hajamaliza kunawa mikono,

Maryash